Mama wa kifafa cha mimba kashachomwa magineziamu, sasa anahitaji usingizi. Nifanyeje?

Muuguzi wa usingizi, Newala
Shikamooni wakubwa zangu. Mama analetwa chumba cha upasuaji, wodini keshapewa magineziamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege: gramu 4 mshipani na 10 makalioni, 5 kila upande. Bado hajitambui, ganzi ya mgongo haifai, lazima alale kabisa. Wapo wanaosema magineziamu isimamishwe mpaka tumalize, eti inagombana na dawa za kulegeza misuli. Mimi naogopa asije akadegedeka tena akitoka mezani.

Mtu wa usingizi, Lindi mjini
Marahaba mwanangu. Usisimamishe! Ile ya makalioni huwezi kuirudisha kwenye bomba, na hata ya dripu hukaa mwilini saa kadhaa. Ukiifunga, mgongano unabaki palepale, kinga ya mama ndiyo inayopungua.

Mgongano wenyewe ni wa kweli. Magineziamu huizuia kalsiamu kwenye ncha ya neva, asetilikolini (kemikali ya neva inayoamsha misuli) inatoka kidogo, misuli inalegea kabla hujachoma chochote. Kwa hiyo saksametoniamu, ya kulegeza misuli haraka, mpe dozi yake kamili, ila usisubiri misuli itetemeke, huenda usione kitu. Vekuroniamu, ya kulegeza misuli kwa muda mrefu zaidi, iache kabisa ikiwezekana. Ukilazimika, kidogo kidogo. Kipima neva, cha kuonyesha kama misuli imerudi, kwetu ni adimu, basi mpira wa hewa usiutoe mpaka ainue kichwa sekunde 5 na apumue vizuri mwenyewe. Na ketamini, dawa ya usingizi inayopandisha presha, kwa presha za namna hii mimi siigusi. Presha ikiruka wakati wa kupitisha mpira, mama anaweza kuvuja damu kwenye ubongo.

Mkunga, Nachingwea
Dada, mtoto naye anaweza kutoka amelegea, hapumui vizuri. Mtu wa kumpokea awe amesimama na ambu (mfuko wa kumpulizia hewa) mkononi. Mfuko wa uzazi nao unaweza kulegea, oksitosini ya kuukaza iwe karibu. Kabla ya dozi ya saa 4 baadaye, gonga goti uone kama mguu unaruka, hesabu pumzi (zisipungue 16 kwa dakika), angalia mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Goti likikataa, dozi hiyo haichomwi. Pumzi zikishuka, saidia kupumua, kisha kalsiamu glukoneti gramu 1 mshipani polepole.

Muuguzi wa usingizi, Newala
Asanteni sana. Na wagonjwa wa ngiri na busha, ni kweli magineziamu inapunguza maumivu?

Mtu wa usingizi, Lindi mjini
Kweli. Miligramu 30 hadi 50 kwa kilo, kwa dakika 15, akiwa amelala. Mofini ya maumivu itahitajika kidogo, lakini haiondoki. Mwenye figo mbovu usimpe.