Ngazi za mazoezi kwenye programu ya baiskeli baada ya malaria: nizirudishe zote 1?

Pedali wa Tabata
Salaam wanajamvi. Ninafanya mazoezi ya baiskeli nyumbani, Dar es Salaam, baiskeli ikiwa imefungwa kwenye mashine ya ndani inayosoma wati, na ratiba yangu hupangwa na programu inayoongeza au kupunguza ugumu kulingana na jinsi nilivyoyafanya mazoezi yaliyotangulia. Kila aina ya zoezi, yaani ustahimilivu (mwendo mwepesi wa muda mrefu), tempo (mwendo wa wastani), kizingiti (juhudi iliyo karibu na kikomo chako cha saa nzima), VO2 max (juhudi kali zaidi za dakika chache) na nyinginezo, ina ngazi yake kuanzia 1 hadi 10. Kabla sijaugua malaria FTP yangu, yaani wati ninazoweza kuzihimili kwa takribani saa nzima, ilikuwa 240, ngazi ya kizingiti 6.4 na ya VO2 max 5.8. Nilimaliza dozi, nikakaa wiki kadhaa bila kugusa baiskeli, na sasa nimerudi. Programu imenipangia vipindi vinne vya dakika 10 kwa wati 235 kana kwamba sikuugua kabisa. Cha kwanza nilikimaliza kwa taabu, cha pili nikakiacha katikati, huku mapigo ya moyo yakiwa juu kuliko nilivyozoea. Ningependa kuzirudisha ngazi zote ziwe 1, lakini sioni mahali pa kuziandika kwa mkono. Je, kuna njia, na je, ni jambo la busara?

Mtoto wa Kigamboni
Mkuu, fungua akaunti mpya kwa barua pepe nyingine, jaza FTP ndogo, uanze moja. Programu haitakuwa na kumbukumbu yoyote ya nguvu zako za zamani.

Mwalimu wa Njiro
Kwa heshima zote kwa aliyetangulia, nisingekushauri ufanye hivyo. Kumbukumbu ya mazoezi yako ya zamani ndiyo inayoiwezesha programu kukadiria jinsi mwili wako unavyopanda, na ukiitupa utakuwa umejinyima kitu ambacho utakihitaji mwezi ujao.

Tatizo lako, kwa maoni yangu, haliko kwenye ngazi bali kwenye FTP. Hivi ni vipimo viwili tofauti, na watu wengi huvichanganya. FTP ni makadirio ya wati unazoweza kuzihimili kwa takribani saa nzima, na ndiyo inayoamua kila zoezi litakuwa la wati ngapi. Ngazi inaeleza jinsi zoezi lilivyo gumu ndani ya aina yake: vipindi ni virefu kiasi gani, ni vingapi, na mapumziko katikati yake ni mafupi kiasi gani. Ngazi 6 ya kizingiti haina maana yoyote mpaka ujue ni kizingiti cha FTP ipi.

Tuseme kwa sasa FTP yako halisi ni 215, jambo ambalo halishangazi baada ya ugonjwa na wiki kadhaa za kukaa. Zile wati 235 zilizokuwa asilimia 98 ya FTP ya zamani sasa ni takribani asilimia 109 ya FTP ya leo. Katika mgawanyo wa kanda za ugumu uliowekwa na mwanafiziolojia wa mazoezi Andrew Coggan, ambao programu nyingi zinaufuata kwa namna moja au nyingine, kizingiti ni asilimia 91 hadi 105, na kuanzia 106 hadi 120 ni VO2 max. Kwa hiyo zoezi lililoandikwa kizingiti lilikuwa la VO2 max, tena la vipindi vya dakika 10, na hata mtu mwenye afya kamili asingelimaliza. Baya zaidi ni siku zinazoitwa nyepesi, kwa sababu hakuna anayezitilia shaka. Safari ya ustahimilivu ya wati 168 ilikuwa asilimia 70 ya FTP ya zamani, lakini kwa FTP ya 215 ni asilimia 78, na hapo umeshaingia tempo. Utachoka wiki nzima bila kujua uchovu unatoka wapi.

Ukiishusha FTP, wati za kila zoezi zitashuka papo hapo, na programu iliyotengenezwa vizuri itazirekebisha ngazi zenyewe ili zilingane na FTP mpya. Pengine utashangaa kuona baadhi yake zinapanda badala ya kushuka. Ni sawa kabisa, kwa maana zoezi lile lile sasa ni jepesi kwa wati. Ukishusha FTP na wakati huo huo ukarudisha ngazi zote 1, utakuwa umejipunguzia mara mbili, halafu utatumia wiki nyingi ukikanyaga vipindi vifupi visivyokufundisha chochote.

Muuguzi wa Kisumu
Naomba nizungumzie kitu ambacho programu haiwezi kukiona. Vimelea vya malaria huharibu chembe nyekundu za damu, na kiwango cha hemoglobini, yaani kile kinachobeba oksijeni ndani ya chembe hizo, huweza kuendelea kushuka kwa siku kadhaa hata baada ya vimelea kuisha mwilini. Hemoglobini ikiwa chini, moyo hulazimika kupiga haraka zaidi ili kufikisha oksijeni ile ile kwenye misuli, na huenda hayo ndiyo mapigo ya juu uliyoyaona. Isitoshe, hata mtu asiyeugua anapoacha mazoezi, kiasi cha maji ya damu hupungua mapema sana, na hilo nalo hupandisha mapigo.

Ushauri wangu ni uende kupima hemoglobini kabla ya kurudi kwenye vipindi vyovyote vikali. Ni kipimo cha kawaida ambacho hata vituo vingi vya afya vidogo wanakifanya. Usianze kumeza vidonge vya madini ya chuma kwa kubahatisha, subiri majibu. Na homa, kizunguzungu au mapigo ya haraka ukiwa umekaa vikirejea, acha baiskeli urudi kwa daktari.

Pedali wa Tabata
Ninawashukuru sana. Nitapima kesho asubuhi. Mwalimu, hiyo FTP mpya niipate vipi? Nifanye ule mtihani wa kupandisha wati kila dakika mpaka mtu aishiwe nguvu?

Mwalimu wa Njiro
Hapana, si sasa. Mtihani huo huchukua asilimia 75 ya wati zako bora za dakika moja kuwa ndiyo FTP, na ule mwingine wa kukanyaga kwa nguvu zote dakika 20 huchukua asilimia 95 ya wastani wa wati zako. Yote miwili inadai ujikamue mpaka mwisho, na mtu anayetoka kwenye malaria hana sababu ya kujikamua. Ishushe kwa mkono kwa takribani asilimia 10, yaani 215 au 216, ufanye safari za ustahimilivu tu mpaka majibu ya hemoglobini yawe mazuri na mapigo yarudi kwenye mazoea yake. Baada ya wiki tatu au nne za mazoezi ya kawaida ndipo ufanye mtihani. Kama programu yako inaruhusu kuweka alama ya ugonjwa kwenye kalenda, iweke kwenye zile wiki ulizolala, ili isizihesabu kama uvivu.

Mkazi wa Eldoret
Ninakubaliana na Mwalimu. Nilipohamia huku kutoka Mombasa, kutoka usawa wa bahari hadi takribani mita 2,100, nilishindwa mazoezi ya wiki nzima. Sikugusa ngazi hata moja. Niliishusha FTP tu, na ratiba ikanyooka. Ongeza pia feni mbele ya baiskeli kama huna, kwa sababu joto la Dar ndani ya chumba hupandisha mapigo hata kwa mtu mzima wa afya.

Pedali wa Tabata
Feni ninayo, ila nilikuwa nimeielekeza kwenye kompyuta. Swali la mwisho: lile zoezi nililoliacha katikati, programu inaniuliza sababu, na mpaka sasa sijajibu. Nikisema lilikuwa gumu mno, si itashusha ngazi ya kizingiti?

Mwalimu wa Njiro
Itaishusha, na ndiyo maana usijibu hivyo. Chagua ugonjwa. Majibu ya ugumu yaache mpaka FTP mpya iwe imeshaingia, kisha kuanzia hapo jibu kwa ukweli kila baada ya zoezi, hata pale ambapo jibu ni kwamba lilikuwa jepesi. Kama baada ya mazoezi mawili au matatu ya kizingiti bado yanakushinda kwa 215, shusha FTP tena kwa wati tano, wala usihangaike na ngazi.