Naomba ushauri: soda ya ndimu na machenza kutoka Pemba

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niko Wete, nataka kuingiza sokoni soda yangu ya ndimu na machenza. Ladha nimeshaipata, watoto wa jirani wakionja wanarudi kuomba tena. Kinachonisumbua ni friji. Nyingi madukani zimewekwa na kampuni kubwa za soda, na wenye maduka wananiambia hawaruhusiwi kutia chupa ya mtu mwengine. Soda ya moto kwa jua hili nani ataitaka? Nianze na madeli ya barafu bandarini na kwenye harusi, au nisubiri Ramadhani? ZBS (taasisi ya viwango Zanzibar) na ZFDA (wakala wa chakula na dawa Zanzibar) nitakwenda kabla sijauza hata chupa moja. Jengine, chupa: za gilasi nazipenda, ila mtaji mdogo. Mliowahi kuuza vinywaji, nielekezeni.