Naomba ushauri: niweke hati ya nyumba nijenge vyumba vya wageni karibu na uwanja?

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Mimi ni mama lishe hapa Kigoma, nauza ugali na mgebuka jirani na Uwanja wa Lake Tanganyika. Julai 25, 2021, Simba na Yanga walipocheza hapa fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, gesti zilijaa, mashabiki sita nikawalaza sebuleni kwenye mikeka. Ugali uliisha kabla ya saa saba. Usiku nikapika tena kwa moyo mmoja. Jumatatu wageni hawapo, sufuria mbili za wali zimelala, nikagawia majirani.

Sasa Mashujaa, timu yetu ya hapa Kigoma, wako Ligi Kuu na AFCON 2027 inakuja nchini. Nimepata mkopo wa kujenga vyumba vinne, dhamana hati ya nyumba ninamoishi na wanangu watatu na mama mzazi. Mume anasema niwahi. Moyo wangu unasita.

Mwana wa Ujiji: Dada, hati usiiguse. Ligi ina timu 16, kwa hiyo Mashujaa wana mechi 15 tu za nyumbani. Zinazoleta watu wa kulala ni mbili, ya Simba na ya Yanga. Marejesho je? Kila mwezi! AFCON nayo tunaandaa na Kenya na Uganda, na kwetu viwanja ni Dar, Zanzibar na ule mpya wa Arusha. Huku tutaitazamia banda umiza.

Kaka Mkubwa: Hata walio jirani na viwanja wajipange. Afrika Kusini 2010 wachuuzi walizuiwa kuzunguka viwanja ili wadhamini wauze peke yao.

Bibi Gesti: Mdogo wangu, vyumba jenga, ila si hapo. Nina gesti Mwanga, hapa hapa mjini Kigoma. Wanaonilisha ni Wakongo na Warundi wanaofuata mzigo, na abiria wa maboti. Shabiki analala popote usiku mmoja. Mfanyabiashara akikosa maji asubuhi, kesho yuko kwa jirani. Anza na chumba kimoja Kibirizi, kule maboti yanakotia nanga, kwa hela ya kikoba, tangi la maji kwanza, kitanda baadaye.

Mleta mada: Asanteni sana, hizo mechi sikuwahi kuzihesabu. Mama mdogo ana chumba cha uani Kibirizi, kimefungwa muda mrefu. Kesho nikimaliza kuuza naenda kukagua bati na choo. Hati nimeshairudisha kwenye sanduku la mama.