Tupeane uzoefu: Ulipookoka, jina lako la zamani liliacha lini kukuita?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Na Tumsifu Yesu Kristo kwa ndugu zangu Wakatoliki wa upande wa Ndanda.

Nataka tusaidiane jambo ambalo mahubiri mengi hulipita haraka. Siku ya kuokoka tunaisimulia vizuri: tarehe, mahali, nani alihubiri. Jumatatu yake hatuisemi. Umeamka umesamehewa, lakini mtaa mzima bado unakuita kwa jina lile la zamani, na wewe mwenyewe unaitika.

Naanza mimi. Nimekulia kijiji kimoja cha Tandahimba, mkoani Mtwara, na kwa miaka zaidi ya sita nilikuwa mtu wa kangomba. Kwa msiotoka huku: unamvizia mkulima wakati wa njaa, mwezi wa pili au wa tatu, mvua inanyesha, chakula kimekwisha, mtoto anaumwa. Unampa elfu ishirini. Korosho zikianza kuanguka anakulipa kwa korosho, na kipimo ni bakuli lako wewe. La kwangu lilikuwa la bati, la bluu, limebonyea upande mmoja. Likijazwa mpaka likafanya kichuguu hubeba kilo na ziada, mimi nahesabu kilo. Uzito wake niliujua kwa mkono tu.

Msimu wa 2018, Serikali ilipotangaza kununua korosho yenyewe kwa Sh 3,300 kilo na wanajeshi wakaingia kazini, nilikuwa na magunia yamelala kwa majina ya wakulima watatu. Uhakiki wa wenye korosho ulipotufikia nilifunga na kuomba siku tatu. Watu wakasema huyu sasa ameokoka. Haikuwa toba ile. Niliogopa kupoteza magunia, na niliyapoteza.

Toba ilikuja 2020, wakati hakuna kinachonitisha. Nilipangiwa zamu ya kusoma neno ibadani, Warumi sura ya 6, nikawa naisoma nyumbani polepole nisije nikakosea matamshi. Nikafika pale: "Kwa maana dhambi haitawatawala ninyi." Miaka yote nilikuwa nauchukua mstari huo kama amri. Usiku ule nikaona Paulo ananipa taarifa. Na sababu kaiweka hapohapo, "kwa sababu hamwi chini ya sheria, bali chini ya neema". Hakutaja juhudi zangu popote. Nililia mpaka mke wangu akaamka.

Wiki hiyohiyo nikaenda kwa mzee mmoja jirani, Mwislamu, niliyemnyonya kuliko wote. Shikamoo mzee. Marahaba. Nikamwambia nimekuja kuhesabu. Hakuniambia nimekusamehe, hakunifukuza. Akanipeleka ghalani kwake, ukutani pamechorwa mistari ya mkaa, bakuli moja mstari mmoja, misimu minne. Alikuwa anajua siku zote! Tukahesabu pamoja, kidole chake na changu. Nililipa kwa mafungu mpaka 2022, na siku ya fungu la mwisho akachukua tambara na maji akafuta ukuta.

Hapa ndipo nataka tupazungumze. Sikulipa ili Mungu anisamehe. Nililipa kwa sababu alikwisha kunisamehe. Ningeanza na mistari ya mkaa nikitafuta msamaha, ningekata tamaa kwenye msimu wa pili.

Sisi wa kusini mfano wake tunao. Kijana akitoka jandoni, kwa Wamakonde, Wayao na Wamakua, anatoka na jina jingine. Ukimwita lile la utoto umemtukana. Asubuhi ile miguu ni ileile na sauti ni ileile, lakini jina limebadilika kabla hajajua kuishi nalo, na kuishi nalo anajifunza baadaye. Kila nikisoma 2 Wakorintho 5:17, "amekuwa kiumbe kipya", mimi huiona asubuhi ile.

Wapo wanaoniita Kangomba hadi leo. Ninyi je?

Bibi wa Newala

Asante mwanangu kwa kufungua. Mimi niliitwa Mama Nipa, kwa ile pombe kali ya mabibo.

Mabibo, yale matunda ya mkorosho, nilikamua kwa mikono yangu hii. Juisi inalala mpaka inachachuka inakuwa uraka, unaichemsha kwenye pipa, mvuke unapita kwenye bomba lililolazwa majini, upande wa pili inadondoka nipa, tone, tone, na wewe umekaa na chupa. Nimesomesha watoto wawili kwa matone hayo, sitayadharau. Lakini alfajiri moja alikuja mke wa mteja wangu, mtoto mgongoni. Mumewe alikuwa amelala chini ya mkorosho wangu tangu jana yake. Hakunigombeza. Aliniomba tu nimsaidie kumnyanyua. Nilimshika yule baba miguu, mwenzangu akamshika mabega, na nilipomwangalia usoni nikajua kazi yangu ni ipi hasa.

Nilipompa Yesu maisha, mchungaji alisema pipa nilitupe. Nikakataa. Newala shida ya maji mnaijua! Nikalisugua kwa mchanga na majivu, nikaliweka chini ya bati kukinga mvua. Mvua mbili za kwanza maji yalinuka nipa, tukafulia. Msimu uliofuata tulipikia. Liko palepale, nimetoka kuchota sasa hivi.

Msidhani hamu imekufa. Mwezi wa kumi mabibo yakitapakaa chini na harufu ikijaa kijiji kizima, hela ile inaniita, kila mwaka. Ila siku hizi nasikia kama mtu anayemwita jirani. Mwaka juzi watoto kisimani wakamwambia mjukuu wangu, "wewe ni mjukuu wa Mama Nipa". Akaja kuniuliza, "Bibi, nipa ni nini?" Nilikaa chini.

Mtoto wa Katekista

Nachingwea hapa. Mimi sikunywa, sikuiba. Nilihesabu dhambi za wengine tangu nikiwa na miaka kumi, na nilijua viti vyote vya kanisa na nani alikosa kukaa Jumapili gani. Jina langu lilikuwa "mtoto mwema", na kulivua kulikuwa kazi kuliko pipa la Bibi, kwa sababu hakuna aliyekuwa ananishauri nilivue.

Mwalimu, Masasi

Naongeza kidogo, kwa sababu mji wangu umejengwa juu ya jambo hili. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, aliondoka Lindi kwenda bara na watu waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar. Nia ilikuwa kufika nchi za Nyasa walikotoka wengi wao. Walifika Masasi wakakaa, na kanisa letu likaanzia hapo. Kwa hiyo Paulo anaposema katika Warumi 6 mlikuwa watumwa, wa kwanza kuisikia huku kwetu hawakuhitaji kuelezwa mfano. Walikuwa wanajua kuuzwa ni nini, kwa ngozi yao.

Huwa nawaambia wanafunzi wangu wa kipaimara wamfikirie mmoja wa wale akikutana njiani na bwana wake wa zamani. Sauti anaijua, moyo unaruka, pengine mguu unaanza kugeuka wenyewe. Lakini bwana yule hana tena haki juu yake hata ya kumtuma maji. Dhambi kwangu mimi ni bwana wa namna hiyo: anaendelea kupiga kelele juu ya mtu asiye wake. Nami nimegeuka mara nyingi, nakiri. Hasira ndiyo inayonijua jina. Kukana kwamba sauti ipo hakukunisaidia hata siku moja.

Boda wa Lindi

Naomba msaada, sina ushuhuda. Nimeokoka Pasaka ya mwaka jana. Kubeti nikaacha miezi saba. Ijumaa usiku nikasema nijaribu mechi moja, na hesabu ya bosi ya wiki, elfu sitini, ikaisha yote kabla ya saa saba. Nilikuwa nimejifunika shuka na simu ndani yake ili mwanga usimwamshe mdogo wangu. Jumapili sikwenda kanisani. Nikisoma hapa naona ninyi mlibadilika, mimi nilijidanganya. Sikuwahi kuwa kiumbe kipya.

Mwanzisha mada

Mdogo wangu, kuna kitu sikukiandika kule juu, na sasa naona nilipaswa.

Mwezi wa pili 2021, mwaka mzima sijafikisha tangu nitubu, nilimpa jirani elfu kumi kwa masharti yaleyale. Bakuli nilikuwa bado ninalo uvunguni. Nilirudi nyumbani nikashindwa kula, usiku nikageuka kitandani mpaka jogoo. Nikasema kama wewe, kumbe sikuokoka. Mke wangu ndiye aliyeniuliza, "Zamani ulishawahi kukosa usingizi kwa ajili ya elfu kumi ya mtu?" Sikuwahi. Katika miaka yote ile nililala fofofo.

Asubuhi nilimwendea jirani nikamwambia hela ile ni yake, hanidai na simdai. Bakuli nikalipigilia misumari likawa kitu cha kunyweshea kuku.

Soma Warumi 8:1 kabla hujafanya lolote, neno kwa neno: "Sasa, basi, hakuna hukumu ya adhabu." Ni sasa, na Jumapili ile uliyojificha. Halafu, bosi umemwambia?

Boda wa Lindi

Bado kaka. Nimemwambia pikipiki ina hitilafu.

Bibi wa Newala

Mjukuu wangu, mwambie mwenyewe kabla hajasikia kwa wenzako. Nimepiga magoti sasa hivi kwa ajili yako.

Mwanzisha mada

Mimi nipo Mtwara mjini wiki hii. Nikipanda gari la asubuhi, saa nne nitakuwa nimefika Lindi. Utaongea wewe, mimi nitasimama pembeni. Hizo elfu sitini tutapanga na bosi mafungu, mafungu nayajua.

Boda wa Lindi

Njoo kaka. Nitakusubiri stendi, nimevaa fulana nyekundu.