Tumelipia kwenda kuona mitambo Kihansi, tumeishia getini

Wakuu, leo nina hasira, mnivumilie.

Kuna jamaa hapa Iringa mjini anaandaa safari za wikiendi. Akarusha tangazo kwenye magrupu ya WhatsApp: twende Kihansi tukaone mitambo ya kufua umeme wa maji na maporomoko, elfu 85 kwa kichwa, msosi humo humo. Picha ya tangazo ni maji yanaporomoka, povu tupu. Mdogo wangu anasomea umeme VETA, nikamlipia na yeye.

Coaster ikaondoka alfajiri. Tukapita Mafinga, tukaingia Mufindi kwenye mashamba ya chai, mbele huko tope. Gari likanasa, watu wakashuka kusukuma, mwandaaji kakaa siti ya mbele anachezea simu!

Kufika, geti. Mlinzi, mzee mstaarabu tu, akauliza, "Kibali mnacho?" Jamaa akabaki kujiumauma. Hakuomba kibali popote. Mzee akatumaliza kabisa: "Wanangu, hata mngekuwa nacho, huku juu ni bwawa. Mitambo iko kule chini."

Yaani mtu anauza safari na hajui anakokwenda! Maji ya Kihansi yanachotwa huku juu, yanaingia kwenye handaki na kushuka zaidi ya mita 800 mpaka kwenye mashine tatu zilizofungwa ndani ya mwamba, kila moja megawati 60. Anayezitaka hizo anazungukia bondeni, upande wa Mlimba. Dogo alikuwa na daftari lake la maswali, hata hakulifungua.

Na hayo maporomoko? Tangu mitambo iwashwe, kwenye 1999 na 2000, maji mengi ya mto hayapiti tena pale. Ndiyo maana wale vyura wadogo wa njano waliokuwa wakiishi kwa manyunyu yake, baadhi walisafirishwa Marekani wakazalishwe huko, na korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyiza maji. Sasa ile picha ya povu ni ya mto gani? Kaiokota wapi sijui.

Msosi wenyewe wali wa baridi, tumekula tumesimama barabarani.

Nimemdai hela, kajibu eti "mandhari si mmeyaona?" kisha kanitoa kwenye grupu. Risiti ya muamala ninayo. Kuna aliyewahi kurudishiwa hela na waandaaji wa aina hii? Ulianzia wapi, polisi au serikali ya mtaa?