Vibarua wa msimu hotelini: kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira, kinachomgeuza kibarua kuwa mwajiriwa wa mwezi, kinaanza kuuma lini?

MhasibuPwani
Hamjambo wenzangu. Hoteli ya vyumba 60, Diani. Desemba huchukuliwa vibarua 18 wa jikoni, dobi na bustani, malipo kila Jumamosi. Wageni wakizidi kuja, wanaendelea hadi Machi. Wakipumzishwa siku 2 kila mwisho wa mwezi, hesabu ya muda wao kazini inaanza upya?

Karani_Mishahara
Haianzi. Tena kwa Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, anayelipwa kila Jumamosi si kibarua tangu mwanzo. Kibarua hulipwa jioni ya siku yenyewe na hachukuliwi kwa zaidi ya saa 24 kwa mkupuo. Halafu kifungu cha 37 kinatazama pia aina ya kazi: isiyoweza kuisha chini ya miezi 3 inahesabiwa mkataba wa mwezi. Dobi la hoteli linaisha lini? Akishapita miezi 2 mfululizo ana haki za mwajiriwa wa kawaida. Hizo siku 2 za mapumziko zinaonekana tu kama ujanja.

Bwana_Roster
Wenye hoteli wanalalamika kwamba kifungu hiki hakijui msimu: Aprili mpaka Juni vyumba vitupu, mishahara iko palepale. Kilio hicho kina ukweli, lakini waajiri wengi hushindwa kesi kwa makaratasi, si kwa sheria kuwa kali. Mpe kila mtu mkataba wa maandishi wenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, kazi yake na sababu (msimu). Hoteli ikiwa chini ya makubaliano ya KUDHEIHA (chama cha wafanyakazi wa hoteli), yasome kwanza.

Kosa kubwa ni kuongeza muda kwa mdomo. Tarehe ikipita na mtu bado yuko kazini, ule mkataba hauna kinga tena.

MhasibuPwani
Na hawa ambao tayari wamepita miezi 2?

Karani_Mishahara
Hao usiwaambie tu "kesho usije". Notisi ya siku 28 kwa maandishi, au mshahara wa siku hizo, na sababu halali. Kama ni kazi kupungua, fuata kifungu cha 40: taarifa ya mwezi mmoja kwa chama cha wafanyakazi (au kwa mfanyakazi mwenyewe kama si mwanachama) na kwa afisa wa kazi. Kagua pia posho ya nyumba. Ndiyo inayosahaulika, na mahakama mara nyingi huikokotoa kwa 15% ya mshahara. Ushuru wa nyumba ni kitu kingine: 1.5% ya mshahara kutoka kwake, 1.5% kutoka kwako mwajiri.

Daftari la mahudhurio litunze. Mkataba wa maandishi usipoonekana, mzigo wa kuthibitisha masharti ni wa mwajiri, na mfanyakazi ana miaka 3 ya kushtaki.