Natumia tramadol baada ya kufungwa chuma pajani, usiku moyo unakimbia na hofu inanijaa. Naombeni ushauri

Seremala wa Kihonda
Wakuu habari za jioni.

Nilipata ajali ya bodaboda, mfupa wa paja ukavunjika, nikapasuliwa na kufungwa chuma. Niliporuhusiwa nilipewa tramadol miligramu 100 kutwa mara tatu, na ni zaidi ya mwezi sasa naendelea nayo. Maumivu yamepungua sana, hilo nashukuru. Shida ni moyo. Nikishameza dozi ya usiku na kujilaza, baada ya muda moyo unaanza kwenda mbio hadi nasikia mapigo sikioni nikilalia mto. Mikono inatetemeka, jasho linanitoka, halafu inakuja hofu ambayo sijui hata naogopa nini. Naona kabisa nakufa. Mke wangu anaamka, ananishika kifuani, na yeye anaanza kulia.

Jana tulihesabu mapigo kwa saa ya ukutani, yalikuwa 118 kwa dakika nikiwa nimelala. Nina miaka 34, sijawahi kuwa na presha. Naogopa kuendelea na dawa, na kuacha pia naogopa maana bila dawa silali kwa maumivu. Kliniki yangu ni mwisho wa mwezi. Nifanyeje?

Mzee wa Kilosa
Pole sana kijana wangu. Hizo dawa achana nazo kuanzia leo, tumia Panadol. Tramadol ndizo vijana wanalewea huku mitaani.

Mfamasia wa Nyanda za Juu
Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima zote naomba nitofautiane na wewe. Mtu aliyemeza miligramu 300 kwa siku kwa zaidi ya mwezi asiikate ghafla. Mwili umeshaizoea. Akiikata leo, kesho au keshokutwa atapata hayo hayo anayoyalalamikia, tena makali zaidi: moyo mbio, jasho, miayo, makamasi, tumbo kuendesha, usingizi kupotea. Ndiyo arosto hiyo, na humpata hata mgonjwa aliyefuata maelekezo ya daktari bila kukosea.

Kaka mleta uzi, pole. Dawa za jamii ya afyuni, mofini ikiwemo, kwa kawaida humtuliza mtu. Tramadol ina upande wa pili. Mbali na kuzuia maumivu, inafanya kemikali za mwili ziitwazo serotonini na noradrenalini zikae kwa wingi kwenye neva, na noradrenalini ndiyo hiyo inayokimbiza moyo mtu anaposhtuka. Kwa hiyo unachokisikia hukitungi kichwani, usikubali mtu akuambie ni woga tu. Na hali huzidi dawa hii ikikutana na nyingine inayofanya kazi kama hiyo.

Nijibu haya tafadhali. Unatumia dawa gani nyingine, hata ya dukani, hata ya mafua? Kahawa, mirungi, vinywaji vya kuongeza nguvu? Pombe? Asubuhi kabla ya kumeza dawa unajisikiaje? Umewahi kuanguka kifafa? Na kubwa kuliko yote: kigimbi cha mguu mmoja kimevimba au kinauma? Ukivuta pumzi kifua kinachoma?

Seremala wa Kihonda
Ahsante sana dada. Pombe situmii, kifafa hapana. Duka la dawa la mtaani walinipa amitriptyline miligramu 25 usiku, kwa sababu paja lilikuwa linachoma kama nimeshikwa na umeme. Naimeza pamoja na tramadol. Mke wangu anasema hii hofu ilianza baada ya hiyo dawa kuingia. Mchana nakunywa kopo la kinywaji cha nguvu kwa ajili ya uchovu.

Asubuhi napiga miayo mfululizo, pua inachuruzika na natetemeka kwa ndani. Nikimeza dawa vinatulia. Kigimbi kiko sawa, kifua hakichomi. Ila kutembea kwa magongo hadi chooni tu nahema kama nimebeba mbao.

Mfamasia wa Nyanda za Juu
Umesaidia sana kutaja saa, maana mapigo ya usiku na ya asubuhi huenda hayana chanzo kimoja. Usiku unameza tramadol na amitriptyline kwa pamoja. Zote mbili hupandisha serotonini, na amitriptyline yenyewe hukimbiza moyo. Asubuhi dozi ya usiku imeisha, ile miayo na makamasi ni arosto ndogo inayokuja kabla ya dozi inayofuata.

Usisubiri kliniki. Kesho asubuhi rudi hospitali uliyopasuliwa, beba paketi zote, na la duka la mtaani pia. Daktari wako hajui kama unalo. Kinywaji cha nguvu kiache leo. Usiongeze tramadol, na kwa ajili ya hiyo hofu usikubali kupewa Valium na jirani. Zikikutana na tramadol zinaweza kukupunguzia pumzi ukiwa usingizini.

Usiku huu huu nenda dharura ukiona lolote kati ya haya: pumzi kukubana ghafla, kukohoa damu, kuzimia, degedege, au homa pamoja na misuli kurukaruka na maneno kuchanganyika. Mvunjiko wa paja unaweza kuleta bonge la damu mguuni likapanda hadi kwenye mapafu, ndiyo maana nimekuuliza kigimbi.

Halafu, kama una watoto nyumbani, hizo dawa ziweke juu wasikofika. Mtoto wa chini ya miaka 12 hapewi tramadol hata kidogo.

Mama Brayan
Kaka pole. Mimi si daktari, ila nilimuuguza mdogo wangu aliyevunjika paja na hilo la kuhema ukienda chooni limenishtua. Paja likivunjika damu nyingi humwagikia humo humo ndani ya nyama, hata kabla ya upasuaji. Toka umeruhusiwa umepimwa wingi wa damu? Mdogo wangu moyo ulimwenda mbio hivyo hivyo, kumbe damu imeshuka. Mwambie mkeo avute kope la chini akuangalie ndani kama pameupe. Na upimwe kesho, usitoke pale bila hicho kipimo.

Mfamasia wa Nyanda za Juu
Mama Brayan, hilo nilikuwa sijaligusa. Ahsante. Kaka, zingatia.

Mzee wa Kilosa
Marahaba binti, nimekuelewa. Sasa huyu kijana ataiachaje?

Mfamasia wa Nyanda za Juu
Kwa ngazi, mzee wangu. Daktari anashusha kiasi kidogo, anaacha siku kadhaa mwili uzoee, anashusha tena. Arosto ikiwa kali, ngazi inarefushwa. Panadol uliyoisema inaingia hapo, inameza sehemu ya maumivu wakati tramadol inashuka.

Seremala wa Kihonda
Wakuu, mrejesho. Nimetoka hospitali. Kipimo cha umeme wa moyo hakina tatizo, mguu wameupima hauna bonge la damu. Damu ndiyo imeshuka, ni 8.9. Mama Brayan Mungu akubariki. Amitriptyline daktari ameisimamisha. Tramadol amenishushia hadi miligramu 50 kila baada ya saa 6, amesema zikikaribiana hivyo asubuhi haitanitesa, na Panadol mbili kutwa mara tatu. Nimepewa vidonge vya kuongeza damu, na nirudi wiki ijayo anishushe tena.

Usiku wa kuamkia leo moyo ulipanda kidogo ukatulia. Hofu ilikuja, safari hii nilijua inatoka wapi.

Swali dogo: hivi vya damu naweza kumeza na chai ya asubuhi?

Mfamasia wa Nyanda za Juu
Hapana, chai inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Meza kwa maji au juisi ya chungwa, chai unywe zikishapita saa mbili tangu umeze. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke. Ila hivyo vidonge na tramadol vyote hufunga choo, kwa hiyo maji mengi na papai kila siku. Zikipita siku 3 hujapata choo, waambie.